Maji ya Punda wa Mama

Juzi nilimwona jirani akimtua punda mzigo na kumnywesha kabla yeye mwenyewe hajaketi, nikamkumbuka mama. Kwetu Bariadi ndivyo tulivyolelewa: punda akituliwa, hunywa kwanza.

Sasa, katekista wetu, mtu mrefu aliyenuka ugoro japo aliukataza, alitufundisha kwamba mwili ni punda wa roho, huibeba mpaka kwa Mungu. Tulipomzika mama akasema, "Roho yake imefika." Mimi nikawaza: na punda je?

Mchana wa jua kali nikabeba kibuyu hadi kaburini, nikamimina maji. Udongo ukanukia kama mvua ya kwanza. Mara katekista huyo nyuma yangu.

"We mayu, binti mdogo we, unatambika?"

Aliyetambika alifukuzwa mafundisho.

"Hapana, mwalimu. Namnywesha punda wa mama. Ametoka mbali."

Akachukua kibuyu, akamimina yaliyobaki, akaenda zake bila kuniaga.

Leo najua maiti haioni kiu. Lakini magoti yangu yamechoka, wanangu wako mbali, na sijui nani atakuja na kibuyu.