Swali Halipigwi Bandi

Mkanda wa begi langu ulikatika kituoni, kabla sijajua hata katikati ya mji ni upande gani. Nikalikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, nikawa namwuliza njia kila niliyekutana naye. Wote wakanielekeza kulekule: kwa fundi mwenye mlango wa bluu, nyuma ya duka la dawa. Shangazi yake hupangisha chumba pia, walisema. Nikaona nimepata begi na kitanda kwa mpigo mmoja.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na cherehani mbili, pasi iliyosimamishwa kwenye kisigino chake, na nguo zilizoning'inia mpaka karibu na dari. Nilizitazama vizuri. Hakuna hata moja iliyokuwa imekwisha. Hii haina pindo, ile haina mkono mmoja, nyingine imeshikizwa kwa uzi mweupe wa bandi, ule wa muda, unaongoja mshono wa kweli. Katikati ya nguo hizo aliketi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi shingoni, penseli mdomoni, na juu ya meza ya kukatia kitambaa kulikuwa na kitabu cha hesabu.

"Begi liache hapo," alisema bila kuinua macho. "Njoo kesho."

Nimepita nchi nyingi, na lugha ninazozibabaisha si haba. Hiyo "kesho" ya fundi cherehani naifahamu katika zote, na katika zote haina tarehe.

Chumba nilipewa juu ya karakana. Jioni tulipokaa kunywa chai, shangazi mtu alinipa habari kabla sijamaliza kupuliza kikombe.

"Huyu mtoto wa kaka yangu anataka kuingia chuo cha biashara. Mtihani wa kujiunga ni Jumamosi hii. Mwaka jana aliufanya, ukambwaga. Na chuo chenyewe hakimpi mtu zaidi ya mara mbili. Hii ikipita, imepita."

"Shangazi, mgeni hajauliza."

"Atauliza. Afadhali asikie kwangu, mimi sina haya."

Fundi aliweka kikombe chini, kikagongagonga sahani yake. "Kushona najua," aliniambia. "Ila kila mwaka kazi zinaongezeka, na mimi niko palepale, nimechoka tu zaidi. Nataka mtu anionyeshe kosa liko wapi. Nikishindwa Jumamosi, nitakuwa hivihivi mpaka macho yatoke."

Nilimwuliza mwaka jana alikwama wapi. Kwenye hesabu?

"Hesabu niliziweza. Niliyaanza maswali yote."

"Ukamaliza mangapi?"

Alikunja futi, akaikunjua. Shangazi akajibu kwa niaba yake: "Aliyapiga bandi."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi mwenye kazi nyingi hakai na nguo moja mpaka mwisho. Hukata zote, kisha hushikiza zote, kisha hushona zote, na mapindo na vifungo huja mwishoni kabisa. Ndivyo alivyofundishwa tangu akiwa msichana, na ndiyo maana kila mteja huambiwa bila uongo kwamba nguo yake imeshaanzwa. Basi na mtihani aliukata vivyo hivyo: swali hili nusu, lile robo, nitarudi kuyashona. Lakini mtihani ule hufanywa kwenye kompyuta, na swali likishatoka kwenye kioo halirudi. Waliambiwa mapema. Yeye alisikia, mkono wake haukusikia.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Fundi hakucheka.

Asubuhi yake aliniomba niwe kompyuta. "Wewe huna haraka," alisema. "Begi lako ninalo."

Nikanakili maswali ya kitabu chake kwenye vipande vya karatasi ya kukatia ruwaza, nikawa namwekea kimoja kimoja mezani. Akisema "lingine", nakichukua nakikalia. Mwanzoni alikwenda vizuri. Kisha penseli ikaanza kusita, akasema "lingine" kabla ya jibu, na mara mkono ukanyooshwa kuelekea kiti changu.

"Nipe lile la maji na pipa, kidogo tu."

"Limeshaondoka."

"Jibu nimelikumbuka."

"Kompyuta haina masikio, fundi."

Alinitazama kwa chuki ya kweli. Kwapa za blauzi yake zilikuwa zimelowa, na chaki aliyokuwa ameishika bila sababu ilimvunjikia vidoleni.

Hapo akaingia nesi, mteja wa siku nyingi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Fundi, sare yangu."

"Imeshaanzwa, mama. Njoo Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani? Jumatatu nahamia wodi mpya. Niende nimejifunga shuka la mgonjwa?"

"Ijumaa hii hii."

"Haya. Nitakuja na mdomo wangu umenolewa."

Alipoondoka, fundi alibaki akizitazama nguo zile ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezisoma. Hatukufanya maswali tena siku ile.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameitungua sare ya nesi. Akashona mabega, akaingia kwenye mikono, akapiga pindo, akatoboa matundu ya vifungo. Katikati mkono wake uliponyoka kuelekea gauni la kijani lililokuwa karibu. Akaurudisha. "Na wewe nyamaza," aliliambia gauni. Alipiga pasi sare, akaitundika peke yake msumarini, akakaa chini.

"Sasa niletee maswali."

Alimaliza moja, akavuta pumzi, akamaliza jingine. Karibu na mwisho alisema "lingine" mapema, na mkono ukanyooshwa tena. Tuliuona wote wawili.

Nesi alikuja mchana, akakabidhiwa sare. Aliigeuza nje na ndani, akatafuta uzi mweupe, akaukosa.

"Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari," alisema. "Sasa nitampa nani?"

Jumamosi fundi alishuka mapema, uso umepauka, chai hakuigusa. Shangazi alimzunguka akimkagua, kisha akainama nyuma yake.

"Mwanangu, sketi yako ina bandi."

Kweli. Pindo lote lilikuwa limeshikizwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu mirefu. Ilikuwa sketi yake mwenyewe, ambayo sijui ilikuwa inangoja zamu tangu lini. Fundi aliinamisha kichwa akaitazama. Mkono ukaenda kwenye mto wa sindano, ukatulia juu yake.

"Haifanyi mtihani sketi," alisema mwishowe, akauondoa mkono.

Alichukua penseli na kitambulisho. Mlangoni akanigeukia.

"Begi lako sijaligusa, mgeni. Sijalianza wala sijalishikiza. Leo halitashonwa, na kesho halitashonwa. Jumanne."

"Nitangoja," nilimwambia, ingawa nilikuwa nimepanga kuondoka kesho yake.

Tulisimama nje, mimi na shangazi, tukimwangalia akipita duka la dawa. Pindo liliachia upande mmoja, likawa linampigapiga kwenye kifundo cha mguu. Kabla ya kona alisimama. Shingo ikaanza kugeuka kuja kwetu, na shangazi akanibana mkono mpaka nikahisi kucha.

"Usirudi," alisema, kwa sauti ambayo isingefika hata barabarani.

Fundi alisimama vile kitambo. Kisha akakata kona, na sisi tukabaki na mlango wazi na nguo zile zote.