Masaa Sita na Firigisi ya Mkwe

Mimi nimeishia darasa la tatu na sioni haya kulisema. Nimewapikia wachimbaji ugali mpaka nikanunua karasha la kusaga mawe yao, kisha la pili, kisha nikajenga hapa Kahama nyumba yenye chumba cha wageni upande wa pili wa ua. Kusoma nilikuzoea kwenye magunia na vibao vya maduka. Kwa hiyo binti yangu alipokuja likizo na mumewe, mwalimu wa sayansi huko Kishapu, akanikuta nimeshika kitabu cha huyo mumewe, hakuwa na sababu ya kucheka.

"Mama, hiyo riwaya ni ya mambo ya anga za juu. Ngumu." Akanionyesha simu. "Wameandika muda wa kusoma masaa sita. Hapo ni mtu aliyesoma."

"Hiyo simu inanijua mimi?"

"Haikujui. Bahati yake."

Nikamwambia siku ya kuondoka nitawachinjia kuku. Nikimaliza kitabu kabla kuku hajaiva, firigisi naila mimi. Firigisi kwetu ni ya mkwe, haiguswi. Akaenda kumwambia mumewe, nikasikia mtu anacheka chumbani, halafu anajikohoza.

Hilo la kukohoa nilieleze. Mimi na mkwe wangu hatuonani uso kwa uso. Ndivyo nilivyolelewa Usukumani, na sikuja mjini kutupa adabu. Akitaka kutoka anakohoa, mimi naingia ndani. Nikitaka kupita nakohoa, yeye anafunga mlango. Asiyejua angetupeleka wote hospitali kupima kifua.

Masaa sita yaliisha watu wa kitabuni hawajapanda hata chombo chao. Si kwamba maneno yalinishinda. Nilikuwa nabishana nao. Wanakwenda kuchimba kwenye jiwe kubwa linaloelea huko juu, wamebeba mashine za kila namna, hakuna aliyebeba hata mtetea mmoja. Nikakiweka chini, nikawaza kutwa watakula nini. Walipofika huko wakaanza kuelea. Nikabeba kigoda, nikakaa chini ya dirisha la wageni, mgongo ukutani.

"Mkwe."

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hawa watu wanaelea kwa nini?"

"Kule vitu havina uzito, Mama."

"Hata gunia la pamba?"

"Hata ng'ombe."

"Dhahabu je?"

"Hata dhahabu."

"Sasa mnunuzi anaweka nini kwenye mizani?"

Kitanda kikaanza kulia kwa jinsi alivyokuwa anacheka. "Ndiyo maana wamekwenda kuchimba barafu, Mama. Soma mbele."

Tangu awe mkwe wangu hatukuwahi kuongea kiasi kile. Kila siku kigoda, kila siku dirisha. Rubani wao akapotea huko angani, mama yake duniani akawa anaisikia sauti yake tu kwenye redio, uso hauoni. Huyo mama nilimwelewa bila kuuliza mtu.

Siku ya kuondoka kuku akaingia chunguni mimi bado nina kurasa nyingi mbele. Nikamwona binti anaongeza kuni.

"Punguza huo moto."

"Basi halisubiri, Mama."

Nikasoma kwa kidole, kwa midomo. Rubani hewa inamwishia, kuku ananukia. Hewa ikabaki kidogo kabisa, mchuzi ukaanza kuchemka kwa sauti nzito. Chombo kikatua. Mlango ukafunguka, mama akamkimbilia mwanawe, na maandishi yakaishia hapo.

Nikatoka mbio uani nimeinua kitabu, napiga vigelegele. Sikukohoa.

Mkwe alikuwa katikati ya ua anatoka bombani na ndoo. Tukatazamana. Kumbe ana mwanya, miaka yote sikujua. Mimi nikajifunika kitabu usoni, yeye akajifunika ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa.

Binti alikaa chini vumbini kwa kucheka. Sauti ikatoka ndani ya ndoo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nimemaliza."

"Rubani?"

"Kafika kwa mama yake. Kuku je?"

Binti akajifuta machozi, akafunua chungu, akachoma paja kwa uma. Alitamani kusema uongo, nilimwona.

"Bado mgumu," akasema.

Kuku alipoiva, firigisi niliila yote, nimesimama chini ya lile dirisha, ili aliyejifungia humo asikie ninavyotafuna.