Kona ya Saba Hatuweki Mtu

Najua utasema nilichoka kazini nikaanza kuona mauzauza. Kuchoka ni kweli, nimechoka hasa, na nitakueleza kwa nini. Lakini mauzauza hayavunji mkono wa mtu, na mkono wa mke wangu ulivunjika. Picha ya eksirei ipo kabatini kwangu, ukitaka nitakuonyesha. Kaa unisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Mimi ni mtu wa zamu. Miaka mingi sasa nafanya kazi kwenye mitambo ya maji kule Ruvu, na naishi Kibaha, si mbali na Kwa Mathias. Sijawahi kuwa mtu wa makuu. Starehe yangu ilikuwa moja tu: gari la Kijerumani, kuukuu, milango miwili, linalosukumwa na tairi za nyuma. Mtaani waliliita Mjerumani. Mke wangu, Mama Shani, alikuwa akisema lile gari lina deko kuliko mke mdogo, na sikumbishia. Juma likipita bila kitu kuharibika, mimi ndiye niliyekuwa naingiwa na wasiwasi.

Fundi wangu anaitwa Pazi, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, mtu wa rika langu. Siku moja, akiwa amelala chini ya gari, aliniambia kwamba kulipeleka gari kama lile sokoni kufuata nyanya ni kulidhalilisha. Akanialika Jumapili kwao Masaki, ambako yeye na wenzake walikuwa wanashindana kuendesha kati ya koni. Nikacheka. Mtu wa umri wangu na mashindano wapi na wapi? Jumapili ikafika, nikaenda.

Usidhani ni yale mashindano ya kukimbizana na kugongana. Pale ni kiwanja cha udongo mwekundu katikati ya mikorosho, wamepanga koni za plastiki, na magari yanaingia moja moja. Unashindana na saa tu. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Pazi ndiye aliyewafundisha wageni, na alianza na mimi kwa mambo madogo: toa jeki, toa tairi la akiba, toa zulia na chupa ya maji, kila kinachocheza kitoke. Pima upepo. Vaa helmeti. Kisha tembea njia yote kwa miguu, zaidi ya mara moja, mpaka miguu iijue kabla ya gari.

Halafu akakaa pembeni yangu nikaendesha. Kila mara nilipoikodolea macho koni iliyokuwa karibu, niliigonga. Pazi akaweka kidole chake cha shahada kwenye shavu langu, akausukuma uso wangu taratibu kuelekea koni iliyofuata, na gari likaifuata pua yangu kama mbuzi aliyeshikwa kamba. "Gari huenda macho yanakokwenda," akasema. "Usitazame unachokiogopa. Tazama unakotaka kwenda."

Jambo moja zaidi alilisema siku ile. Pale, ambaye haendeshi huvaa reflekta, ile fulana ya njano ya wafanyakazi wa barabarani, akasimama kwenye kona kuinua koni zilizoanguka. Tulipokezana hivyo wote. Lakini kona ya saba, ile iliyo karibu na mkorosho mkubwa, ilikuwa haina mtu. Niliuliza kama nikasimame pale. Pazi akasema kona ya saba hatuweki mtu, akageuka kuzungumzia breki. Sikuuliza tena. Kila kazi ina miiko yake, hata kwetu kwenye mitambo ipo.

Jumapili ya pili Mama Shani alikuja nami. Alitaka kukiona kwa macho yake hicho kilichomnyang'anya mume siku ya mapumziko. Asubuhi niliendesha vibaya, nikapotea njia mara mbili mbele yake, na watu wakanicheka. Ilipoadhiniwa adhuhuri, Pazi na wengi wakaenda msikitini, na waliobaki wakakaa na Mama Shani kwenye chakula. Mimi nikajipa ruhusa ya msafiri, nikasema nitaziunganisha sala baadaye, ingawa Kibaha na Masaki, Mungu anisamehe, si safari. Nilitaka kuitembea njia peke yangu mpaka niimudu.

Jua lilikuwa utosini. Bibi yangu, alikuwa wa hukohuko Kisarawe, hakuturuhusu watoto kuzurura saa ile, na mimi nilikuwa nimekwisha kuyasahau hayo. Nikaipita kona ya kwanza, ya pili, nikihesabu kwa sauti. Nilipofika ya saba palikuwa na mzee amesimama, kavaa reflekta, mikono nyuma. Nikafikiri Pazi amebadilisha mawazo.

Sasa sikiliza kitu ambacho nilitakiwa kukigundua. Reflekta hung'aa inapomulikwa na taa za gari. Mchana ni fulana tu. Ile ya mzee ilikuwa inang'aa mchana kweupe, mistari yake imewaka, kama kuna gari lisiloonekana linamjia na taa zote. Na katika kiwanja kile ambako hata kope zetu zilikuwa na vumbi jekundu, yeye hakuwa na vumbi. Nililiona hilo, wallahi nililiona, lakini adabu ilitangulia akili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye anayesemeshwa.

"Marahaba, mwanangu. Wengi wanapita hapa na hakuna anayenitazama. Wewe ukipita, nitazame."

Nikasema sawa. Wewe ungesema nini? Mzee amekuomba jambo dogo, lisilo na gharama, utamkatalia? Nikaendelea na kona ya nane, na nilipogeuka hakuwepo. Nikadhani ameingia kwenye kivuli cha mkorosho.

Pazi aliporudi kutoka msikitini, Mama Shani akasema naye anataka kupanda. Pazi akamvisha helmeti, akamfunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuhakikisha, kisha akaenda kusimama na saa yake. Nikaondoka. Niamini nikikwambia sijawahi kuendesha vile. Gia ya pili, breki kabla ya kona, macho mbele, mkia wa gari unateleza kidogo na kurudi. Mke wangu alikuwa anacheka ndani ya helmeti. Kona sita bila kugusa koni hata moja, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niliionea wapi mara ya mwisho. Tukaikaribia ya saba.

Alikuwa amesimama palepale, anang'aa. Nikamtazama, kama nilivyoahidi.

Sikukata usukani mimi. Mikono ilifuata macho, kama Pazi alivyonifundisha, na macho yalikuwa kwa mzee. Nilitaka kuyaondoa yakakataa. Mama Shani alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Shani, angalia mbele," na mimi nilikuwa naona uso wa yule mzee ukikua, umejaa shukrani. Nilikanyaga breki mwishoni. Gari likageuka, likaupiga mkorosho kwa ubavu, upande wa mke wangu.

Watu walikuja mbio. Niliuliza mzee yuko wapi, nimemgonga, mtazameni chini ya gari. Chini ya gari hapakuwa na mtu. Palikuwa na mke wangu tu, ndani, ameushika mkono wake uliopinda mahali ambapo mkono haupindi. Pazi alimtoa taratibu, akamfunga kwa leso, kisha akaja kwangu. Hakuuliza habari ya gari wala ya breki.

"Ulimwamkia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini vumbini. Ndipo aliponieleza kuwa zamani barabara ilipita palepale, kabla haijahamishwa, na wakati inatengenezwa kulikuwa na kibarua mzee wa kupunga kibendera kuyazuia magari. Gari moja lilimpitia mchana wa jua kali. Dereva aliapa kwamba hakumwona. Wazee wa Masaki walisoma dua, na wakasema mtu akimwona asimwamkie, maana mkishaamkiana mmefahamiana. Nilimuuliza Pazi kwa nini hakuniambia. Akasema asiyeambiwa humwona kwa nadra, tena jua likiwa utosini, lakini kila aliyewahi kuambiwa, naye alimwona. Ndiyo maana walikuwa wananyamaza tu na kuiacha kona bila mtu.

Nilimkasirikia siku ile. Leo simkasirikii.

Pazi aliunyoosha ubavu wa gari, na hazikupita siku tatu tangu anirudishie nikamwona tena, sasa akiwa mbali na Masaki. Nilikuwa naingia zamu ya asubuhi, na kabla ya Ruvu alikuwa amesimama pembeni mwa barabara kuu, reflekta inawaka juani, malori yanampita. Usukani ukaanza kuvuta. Nikaweka kidole changu mwenyewe kwenye shavu, nikausukuma uso. Tangu hapo ilikuwa hivyo, siku moja Mlandizi, siku nyingine karibu na nyumbani. Kuna uchovu wa mwili, huo ukilala unaondoka. Huu wangu ni uchovu wa kutotazama. Jaribu siku moja tu kwenda kazini na kurudi huku kuna mtu anayekungoja umtazame, na wewe unamjua, na alikuitikia salamu vizuri.

Mkono wa Mama Shani ulipopona, nikamkabidhi funguo. Nikawa naendeshwa, nimefumba macho, mimi niliyekwenda kujifunza mashindano. Aliuliza kwa nini, nikawa nazungusha maneno. Miezi ikapita, akaanza kuhisi nina mwanamke pale njiani ambaye sitaki kuonana naye macho kwa macho. Jioni moja alilia. Machozi yake yakanishinda, nikamwambia kila kitu, tangu reflekta mpaka uso wa mzee.

Juma lililofuata tulikuwa tunarudi kutoka Ruvu, jua bado liko juu. Mimi macho nimefumba. Nikamsikia akisema kwa upole:

"Baba Shani, kuna mzee pale anatutazama. Tumwamkie?"

Na nikalihisi gari likianza kwenda kushoto.

Nilifumbua macho nikamtazama yeye, mke wangu, sikutazama kwingine. Nikaweka kidole kwenye shavu lake nikausukuma uso. Shingo ilikuwa ngumu. Nikasukuma tena, ikageuka, na gari likarudi barabarani, huku tairi za kushoto zimekwisha kuonja changarawe. Aliendesha mpaka Kwa Mathias. Alipozima injini alikuwa analia, na alichosema ni hiki: "Masikini. Anataka kuonekana tu."

Mjerumani sasa amefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na kuku wanataga ndani yake. Tunapanda basi. Tunakaa viti vya katikati, mbali na dirisha, kila mmoja anamtazama mwenzake, na watu husema tazama wazee wale wanavyopendana. Tunapendana, ni kweli, lakini tumechoka.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kuendesha kwa kasi, au taratibu, shika hili. Ukimwona mzee wa reflekta amesimama peke yake, hana koni, hana koleo, na fulana yake inawaka mchana, najua kwa malezi yako ulimi utakuwasha kumwamkia. Umeze salamu. Muombee kimoyomoyo, na macho yako yaelekeze kule unakotaka kwenda. Nimekuficha jina lake, na sura yake sikukueleza, nikidhani labda itasaidia.

Nisamehe lakini. Mama Shani naye nilimwambia tu.