Dawa Kwanza, Waksi Kesho

Gari la mume wangu lilikuwa kuukuu, jeusi, na alilipenda. Kwanza alilipaka dawa ya chupa, ile inayoshikana na rangi na kuilinda. Akaiacha ikauke hadi kesho yake, ndipo akapaka waksi juu ili ling'ae. Mimi nilishika kitambaa upande wa pili.

"Mama watoto," alikuwa akiniambia, "fulana haivaliwi juu ya kanzu."

Alipofariki, matanga hayajaisha, mdogo wake alichukua ufunguo wa gari juu ya kabati. Nilikuwa nimeanza eda, chumbani kwetu Ilala. Nikamsikia uani akisema, "Mwanamke ataliendesha wapi?" Lilikuwa gari la wanangu, naye alitaka kuliuza.

Asubuhi moja nilimwona dirishani akiling'arisha. Mteja alikuwa anatoka Kariakoo kuja kulitazama. Shemeji akaanza na waksi. Nikaweka tasbihi chini. Nilijua dawa haitashika juu ya mafuta ya waksi, na nilifurahi. Nilikuwa na msiba, na nilifurahi.

Alipopaka dawa juu ya waksi, ikaganda mabaka mabaka. Kila alivyofuta, yakazidi kutapakaa. Akaja dirishani, jasho linamtoka.

"Shemeji, hivi kaka alikuwa anaanza na ipi?"

"Ulipochukua ufunguo uliniuliza?"

"Aa, shemeji! Mteja yuko njiani."

"Mwache aje."

Mteja akaja. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama, akakifuta kwenye suruali.

"Kaka, gari lina ukurutu hili?"

Wapangaji wenzetu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka ndani ya kanga. Mteja hakuuliza hata bei.

Jioni shemeji alileta ufunguo, akauweka kwenye nondo za dirisha.

"Chukua. Nielekeze basi, nilitengeneze."

"Nitalipaka mwenyewe nikitoka eda."

Na nikalipaka. Nililiosha kwa sabuni mpaka mabaka yote yakatoka, nikapaka dawa, nikalala. Kesho yake, Ijumaa, niliweka waksi palepale uani, kwa sababu nilijua atapita akitoka msikitini. Akapita, akasimama nyuma yangu.

"Limetoka, shemeji. Kumbe ulikuwa unajua."

Sikugeuka. Uso wake ulionekana vizuri kwenye mng'ao wa mlango wa gari, pamoja na kofia yake. Nikaweka kitambaa juu yake, nikasugua palepale, taratibu, mpaka alipoondoka.