Majani Tuliyoanika

Babu yangu alikuwa na nyumba ya nyasi, na ile nyumba ilivuja pale tu juu ya kitanda yake. Muntu mwingine angepanda, azibe. Yeye hapana. Alisukuma kitanda. Mvua ya mwaka uliofuata ikamukuta kwa pembe ingine, akasukuma tena. Nyanya akamuambia: «Muzee, wewe unahama bila kutoka.» Alipokufa, kitanda ilikuwa imefika mulangoni, na kumutoa haikukuwa kazi.

Sijui sababu gani naanza na Babu. Ni juu ya paa, nadhani. Siku hizi hapa Masisi nyumba iko ya manjanja, yale mabati yanayopiga kelele mvua ikianguka, na nyasi imebaki kwa jikoni tu. Lakini desturi ya nyasi ingali kichwani mwetu, na njo ile ilituharibia kazi kule Walikale.

Vijana wa kanisa yetu walisikia kama, katika kijiji kimoja karibu na Itebero, nyumba ambamo mama wenye mimba wanangojea siku yao imepoteza paa. Wakasema: twende tujenge, tena tuone musitu. Kusema kweli, musitu njo ilikuwa inawavuta zaidi. Mimi wazee walinituma niwachunge, ao wao wanichunge, haikujulikana vizuri.

Kati yao kulikuwa kijana mumoja mwenye mabega mapana. Baba yake alikuwa amegawa kilima kwa watoto wanaume; huyu wa mwisho akapata kipande cha mawe, pale hata maharagi inakataa. Alikuwa analala katika jikoni ya kaka yake. Wazazi wa musichana aliyemutaka walimuuliza swali moja tu: «Shamba yako iko wapi?» Kila muntu katika safari alijua kama hakuwa nayo.

Lori ikatupitisha Kashebere na Mpofi, ikatuacha Walikale, tukaingia kwa miguu. Ee, ile musitu! Sisi watu wa milima tumezoea kuona mbali: unasimama mulangoni, unajua nani anapalilia na nani amewasha moto mapema. Kule hauone hata aliye mbele yako; unafuata kikohozi yake. Tukafika kwa daraja ya kamba za musitu. Dada mumoja wa kwaya akavuka anaimba, macho amefunga. Nikamusikia anauliza: «Tumefika?»

«Uko kwa inchi kavu tangu ubeti wa pili!» wakamujibu.

Yule kijana aliuliza kila kitu. Mama aliyetupokea, yeye mwenyewe ana mimba, siku yake imekaribia, alikuwa anamujibu huku anamenya ndizi.

«Mama, hapa shamba ni ya nani?»

«Unapeleka kuku kwa mwenye udongo. Anakuonyesha muti. Toka kwa ule muti unakata musitu.»

«Mupaka wapi?»

«Mupaka uchoke.»

Nilimuona anaangalia mikono yake.

Kesho yake tukakata mangungu, yale majani mapana ambayo watu wa kule wanaezekea nyumba na kufungia chikwange, ule mukate wa muhogo. Kwetu nyasi ya paa lazima ikauke kwanza, la sivyo inaoza. Basi yule kijana akaamuru tuanike yote, na hakuna aliyemupinga. Tukajaza uwanja muzima. Jua ikapiga. Jioni kila jani ilikuwa imejikunja kama tumbako. Mama akatoka, akashika tumbo kwa kucheka.

«Ninyi watu wa milima! Munataka kuezeka ao kuvuta?»

Kumbe kule majani inapanda paa ingali mbichi, na moshi ya moto njo inaikausha pole pole.

Vijana wakamugeukia mwenzao. «Shamba hana, na majani pia ameua!» Ile neno ilimupata. Akachukua panga, akaingia musituni na bwana ya yule mama, wakarudi na mizigo mipya. Siku zilizofuata hakutoka juu ya paa: anapasua kikonyo ya jani, anatundika kwa fito, anashuka ananuka moshi kama watu wa pale.

Asubuhi moja mvua ikaja kwa nguvu. Tukasimama wote ndani, macho juu, kama kuku wanaosikia mwewe. Hakuna tone. Mama akaingiza kitanda yake. Nikamuambia asizoee kuisukuma. Hakuelewa, nami sikufasiria.

Siku ya kurudi, tunafunga mizigo, nikaona yule kijana ameshika jogoo mwekundu.

«Tutamukula wapi, kaka?» dada wa kwaya akamuuliza.

«Huyu haiko wa kula.»

Nilitaka kumuuliza juu ya musichana, na baba yake nitamuambia nini. Akanitangulia: «Papa, ukifika, uwaambie ile mawe kaka ajengee zizi.» Akaweka jogoo kwapani, akashika njia ya nyuma ya ile nyumba. Na sababu kule hauone mbali, majani ikamufunika mara moja. Tulisikia jogoo kidogo. Kwetu hajarudi tena.