Cherehani Zilizobaki Melini

Mwaka 1973 Alphonsine, fundi wa nguo wa Kikula, Likasi, aliagiza cherehani kutoka bandari ya Anvers, Ulaya. Alitaka kuwafungulia karakana wajane wa wachimbaji aliokuwa akiwafundisha kushona kwa zamu kwenye mashine yake moja. Meli ingezishusha bandarini Lobito, treni izilete Likasi. Shemeji yake alikuwa karani wa bima mjini. Enzi zile serikali ilikuwa imefuta majina ya kizungu, hivyo aliitwa Octave nyumbani tu. Alimsumbua Alphonsine mpaka akakubali kuukatia mzigo bima ya safari ya baharini.

Tangu meli ing'oe nanga, Alphonsine hakukalika. Alikata vitambaa vya wateja upande usiofaa, akauacha mshono katikati, akakimbilia stesheni kuuliza habari ambazo watu wa treni hawakuwa nazo.

Asubuhi moja Octave alikuja, kofia mkononi.

"Bato ilikwama pa mwamba, mama. Kapiteni akatupa mizigo mu maji, juu bato ipate kuinuka."

"Na mashini zangu?"

"Ziko. Habakutupa zako. Lakini benye bintu byao bilibakia banachanga, balipe benye bintu byao bilitupwa. Ni sheria ya bahari."

Alphonsine aliruka kitini. "Miye niko na kosa gani? Ni miye nilipeleka bato pa mwamba?"

"Tulia. Fungu lako, asiransi, ile bima yako, italipa."

Lakini kutulia kulimshinda. Alizunguka meza, akaenda mlangoni, akarudi.

"Zenye balitupa zilikuwa za nani?"

Octave hakujua. Usingizi ulimpaa Alphonsine siku nyingi, akimwaza mtu wa mji asioujua, naye akihangaika stesheni kama yeye, ila mzigo wake hauji.

Cherehani zilifika mwisho wa mvua, moja imeshika kutu. Mjane Marcelline aliisugua kwa mafuta mpaka ikazunguka, na wenzake wakapiga vigelegele. Alphonsine aliwapangia viti, yeye mwenyewe akashindwa kuketi.

Kuanzia hapo, mtu wa Kikula akitaja tu kuagiza kitu ng'ambo, Alphonsine alimshika mkono.

"Tuende kwa shemeji yangu. Sasa hivi!"

"Mama, mzigo haujanunuliwa bado."

"Vaa viatu," alijibu, keshatoka nje.