Msikiti Uliougeuzia Mlima Bega

Nimeshika kazi nyingi na kuziacha zote, lakini sijawahi kulidharau jengo kama nilivyoudharau msikiti ule mkubwa wa njia ya Munigi. Na mikono yangu ilisaidia kuujenga.

Goma hatukosi mawe. Volkano hutuletea bila kuombwa. Msikiti wa kwanza wa mtaa ule ulikuwa wa mbao, uliopigiliwa misumari na wachuuzi waliotoka Maniema. Wa pili ulikuwa wa mawe meusi, wenye madirisha madogo na paa la mabati. Mlima ulipotapika moto, ukaumeza wote, ukabakiza ncha ya mnara tu juu ya lava. Wa tatu ukajengwa juu ya kaburi la wa pili. Huo ndio wangu.

Michoro ilitoka ng'ambo kwa mfadhili. Kuba lilikuja kwa lori, limekatwa vipande kama chungwa, tukaliunga kwa bolti na kulipaka kijani. Minara ilikuwa miwili, myembamba hata haikuwa na ngazi ndani: hakuna ambaye angeweza kupanda kuadhini, ilikuwa ya kutazamwa. Nguzo zilikuwa za zege, zimechorwa mishipa kwa brashi zifanane na marumaru. Na mawe yetu, ambayo muzee mmoja aliyachonga kwa nyundo na mimi nikayabeba, yalifunikwa kwa vigae vyeupe, yote.

"Meusi yanaonekana maskini," alisema rais wa komite ya ujenzi.

Mimi ni Mkatoliki wa Butembo, wa ubatizo tu. Nimeona parokia zikifanya upuuzi wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo dharau yangu haina dini.

Injenieri alikuja siku moja kupima kibla, upande wa Makka ambako msikiti mzima sharti uelekee. Aliiweka dira yake juu ya jiwe la volkano. Shule niliiacha darasa la tano, lakini nilikuwa nimewahi kumbebea mizigo mtafiti wa volkano, na nilipomchosha kwa maswali alinionyesha kwamba jiwe letu lina chuma ndani, linapotosha sindano ya dira. Nikafungua mdomo nimwambie injenieri.

"Wewe beba," akasema bila kunitazama.

Nikabeba. Nikanyamaza mpaka kuta zikasimama, tena kwa raha.

Kisha vita vikashuka kutoka Masisi. Watu wakaja kwa barabara ya Sake, wakapita Lac Vert na magodoro kichwani, wakajaza mashule na viwanja. Mama mmoja alikosa nafasi kote huko, akafunga bache yake, turubai la plastiki, kwenye uzio wetu, juu ya mawe makali ya lava. Alikuwa na watoto watatu na mama yake mzazi, bibi aliyevimba miguu na kukohoa tangu alfajiri. Mvua haikukatika. Zilibaki siku mbili ufunguzi ufike, zulia lilikuwa limekwisha kutandikwa, na rais wa komite alikuja kulipiga picha.

"Papa, tunaomba fasi ya kulala tu," mama akamwambia getini. "Mama yangu atakufa ku hii mvua."

"Uko musilamu?"

"Hapana, papa. Niko na baridi."

"Tapi imefika jana," rais akasema, akionyesha zulia kwa kidole. "Imetoka mbali kuliko wewe."

Akafunga geti.

Muzee wa mawe alikuwa nyuma yangu. Kazi yake ilikuwa ya nje, na siku hiyo ndiyo kwanza aliingia ukumbini kuona zulia. Alisimama mbele ya mihrabu, kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu. Akatoka, akatazama mlima wetu, Nyiragongo, kati ya mawingu. Akarudi ndani, rais alikokuwa akipiga picha zake.

"Rais," akasema, "tangu utoto wangu tunaswali mlima ukiwa mbele, kushoto kidogo tu. Humu uko ku bega."

"Muzee, injenieri alisoma ng'ambo. Wewe ulisoma wapi?"

Muzee alinigeukia mimi. "Wewe unajua kitu. Unacheka tangu msingi."

Kibarua changu kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwangu. Nje ya uzio bibi alikohoa tena, kikohozi kirefu. Nikamwomba rais kidira chake cha dhahabu, zawadi ya mfadhili, nikakiweka juu ya jiwe moja uani. Sindano ikaelekea ziwani. Jiwe la pili: ikaelekea Gisenyi, upande wa mpaka. Nikapanda juu ya jukwaa la mbao la ufunguzi, mbali na mawe. Ikatulia, ikaelekea mlimani, kaskazini ya kweli.

Rais, pekupeku mlangoni, alikitazama kidira kama kimemtukana. "Na kwa nini hukusema?"

"Niliambiwa nibebe."

"Hakuna kufungua," muzee akasema. "Tapi itoke, mistari ya safu ipimwe upya."

"Na wageni? Nitawaambia nini wageni?"

"Uwaambie waswali wakiangalia Gisenyi?"

Nilimwona rais, mtu mkubwa vile, akitafuta viatu vyake mlangoni na kuvivaa kinyume. Tulikunja zulia jioni hiyo hiyo. Sakafu ikabaki tupu, kubwa, kavu. Muzee akaenda getini na kulifungua mwenyewe.

"Leo hakuna sala humu," akamwambia rais. "Basi hakuna mutu wa kusumbuliwa."

Mama akaingia na watoto. Bibi nilimbeba mimi, kubeba najua. Akatazama kuba, akatazama nguzo za rangi, akaniuliza kwa nini zulia linatolewa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Batu bakubwa hivi! Mlima mzima hawakuuona?"

Kisha akajinyoosha, miguu yake iliyovimba ikielekea ile mihrabu ya uongo. Rais alimtazama muzee, akingoja amwambie ageuke. Muzee alikuwa anatandika bache.